Gari la Kifahari Lililotumika: Kununua au Kuacha?

Mazungumzo na wananchi wa Ifakara na bonde la Kilombero



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo huzuka kila mwaka majira kama haya, mpunga ukishavunwa na kuuzwa, wakulima wa miwa wa nje wakishalipwa, na watumishi waliofikia umri wa kustaafu wakishapokea kiinua mgongo chao. Fedha ikiingia, madalali nao huingia. Simu hupokea picha ya gari kubwa, jeusi, linalong'aa, lenye viti vya ngozi na ringi pana. Chini ya picha huandikwa bei ambayo, kwa gari la namna hiyo, inashangaza kwa udogo wake. Swali tunaloulizwa na walaji ni hili: "Je, ninunue?"

Hatukuja kuwakataza. Fedha ni yenu, na mtu aliyetumikia nchi miaka 30 au aliyeinama shambani tangu ujana wake anayo haki ya kupanda gari analolipenda. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mlaji anapotoa fedha yake anajua anachokinunua. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari linalotembezwa kutoka simu hadi simu linastahili kuulizwa maswali.

Kwa nini gari la thamani huuzwa kwa bei ndogo

Tuanze na chanzo cha bei yenyewe. Range Rover, Land Rover Discovery, BMW X5 au Mercedes-Benz lililotengenezwa miaka 15 iliyopita liliuzwa kwa fedha nyingi sana lilipokuwa jipya. Leo linauzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hiyo. Mnunuzi huona punguzo, lakini bei hushuka kwa sababu.

Sababu ya kwanza ni kwamba katika nchi linakotoka, gharama ya kulitengeneza imeanza kukaribia thamani ya gari lenyewe. Mwenye gari akiambiwa kwamba gia boksi limechoka na bei ya kulirekebisha ni nusu ya bei ya gari, huona heri aliuze. Sababu ya pili ni sheria za mazingira. Mjini London, kwa mfano, magari ya dizeli ya zamani yasiyofikia kiwango cha moshi kinachotakiwa hutozwa pauni 12.50 kwa kila siku yanapoendeshwa, na tangu Agosti 2023 eneo la tozo hiyo linafika mitaa yote ya jiji. Magari ya namna hiyo hutafutiwa soko mahali pengine, na sisi tu miongoni mwa masoko hayo.

Jambo la kukumbuka ni kwamba bei ya gari hushuka, lakini bei ya spea zake haishuki pamoja nayo. Gari lililokuwa la tajiri likiuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida, huendelea kudai matunzo ya tajiri.

Yanayoharibika, na yanayoharibikia wapi

Magari haya yana mifumo ambayo magari ya kawaida hayana. Mengi hayakai juu ya springi za chuma, bali juu ya mifuko ya hewa inayojazwa na kompresa. Range Rover lilianza kutumia mfumo huo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mfuko wa hewa ni mpira, na mpira huzeeka. Ukipasuka upande mmoja, gari huinama. Kompresa nayo hufanya kazi bila kupumzika hadi iungue. Dalili yake ni rahisi kuiona: gari lililoegeshwa usiku likiwa sawa, asubuhi hukutwa limelala upande mmoja.

Yapo pia mambo yanayojulikana kwa mafundi wa nchi nyingi kuhusu injini fulani. Injini za dizeli za V6 zilizofungwa katika Discovery na Range Rover Sport za miaka iliyopita zina historia ya kukatika kwa kranki, na kranki ikikatika injini nzima imekwisha. Injini za petroli za V8 zilizofungwa katika BMW X5 za katikati ya miaka ya 2000 zina historia ya kula oili kadiri zinavyozeeka. Hatusemi kwamba kila gari la aina hizo ni bovu. Yapo yaliyotunzwa vizuri na yanayotembea hadi leo. Tunasema kwamba anayenunua moja kati ya hayo awe amelijua jambo hilo kabla ya kutoa fedha, na aulize limetunzwaje.

Sasa tutazame bonde letu. Ni kweli kwamba barabara zimebadilika. Daraja la Magufuli juu ya mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, limetuondolea foleni na hatari za kivuko, na safari ya kwenda Mikumi si ile ya zamani. Lakini atokaye Ifakara kwenda Mlimba au Malinyi wakati wa masika anajua bado kuna tope, mashimo na maji yanayokatisha njia. Gari lenye mifuko ya hewa na vifaa vya umeme chini ya tumbo halikufurahi katika hali hiyo hata lilipokuwa jipya.

Zaidi ya barabara, kuna suala la fundi na spea. Fundi wa Ifakara ni hodari kwa Toyota, kwa pikipiki, kwa trekta na kwa pawatila, kwa kuwa ndizo anazozishika kila siku. Gari la Ulaya lenye kompyuta nyingi linahitaji mashine ya kulipima na mtu anayeelewa kile mashine inachosema. Spea zake mara nyingi zitaagizwa Kariakoo au Ilala, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa, zipandishwe basi, zikifika zionekane si zenyewe, zirudishwe. Gari likikwama Mlimba, kulivuta hadi Morogoro ni gharama nyingine. Kwa hiyo swali la "je, gari hili ni imara?" halina jibu moja kwa nchi nzima. Gari linaloweza kuvumilika kwa mkazi wa Masaki mwenye gereji jirani linaweza kuwa mzigo kwa mkazi wa Mngeta.

Hesabu ya mwaka mmoja

Tufanye hesabu. Tumchukue mwalimu mstaafu wa mfano, mwenye shilingi milioni 32 mkononi. Ana shamba la mpunga, na kwa mwaka ataendesha kilomita 12,000. Tarakimu hizi ni za mfano. Kila mmoja aweke zake. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Sisi hapa tutumie shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi.

Akinunua gari la kifahari la V8 kwa shilingi milioni 32, likila lita 18 kwa kilomita 100, atahitaji lita 2,160 kwa mwaka, yaani shilingi 6,480,000. Kwa gari la umri huo, mtu mwangalifu hutenga angalau asilimia 20 ya bei kwa matengenezo, yaani 6,400,000. Bima kubwa tuikadirie 1,120,000. Jumla ya kuliendesha ni shilingi 14,000,000 kwa mwaka, na bei ya kulinunua tayari imemaliza akiba yake yote. Fedha hiyo itatoka wapi? Itatoka kwenye pensheni ya mwezi, kwenye mpunga, au kwenye mkopo.

Akinunua gari la kawaida la injini ya lita mbili kwa milioni 20, likila lita 10 kwa kilomita 100, mafuta yatakuwa 3,600,000, matengenezo ya asilimia 10 yatakuwa 2,000,000, na bima tuikadirie 700,000. Jumla ni 6,300,000. Tofauti ya kuendesha peke yake ni shilingi 7,700,000 kila mwaka. Juu ya hiyo, milioni 12 zimebaki benki, na zinaweza kuingia katika pawatila, mbegu na vibarua.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Gari bovu halimli mwenyewe peke yake. Hula mbolea ya msimu ujao, hula ada ya mtoto, na mwisho shamba huuzwa ili gari litengenezwe. Baada ya shamba kuuzwa, gari nalo huegeshwa chini ya mwembe, matairi yakishuka pumzi polepole, na kila apitaye hulitazama. Tumekutana na walaji wa namna hiyo, na kwa heshima yao hatutawataja.

Kulichunguza gari

Ikiwa baada ya hesabu hiyo bado mtu anataka kuendelea, afuate hatua hizi, wala asikubali kuharakishwa. Muuzaji anayesema "kuna mteja mwingine anakuja saa nane" anafanya kazi yake. Mnunuzi naye afanye ya kwake.

Kwanza, asidanganywe na namba ya usajili. Siku hizi matangazo husema "gari namba E" kana kwamba hiyo ndiyo sifa ya gari. Herufi za kibao zinaonyesha lini gari limesajiliwa Tanzania. Hazionyeshi lini limetengenezwa. Gari la mwaka 2006 lililoingia nchini juzi litakuwa na namba mpya. Mwaka wa kutengenezwa usomwe kwenye kadi ya gari, kisha ulinganishwe na alama zilizo kwenye gari lenyewe. Mikanda ya viti, kwa mfano, huwa na kitambulisho kilichoshonwa chenye tarehe ya kutengenezwa. Matairi nayo yana tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Pili, historia ya kilomita. Odometa hurudishwa nyuma, na kazi hiyo huchukua dakika chache. Kwa gari lililotoka Japani, muuzaji aombwe karatasi ya mnada na cheti cha kulitoa nchini humo, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa. Karatasi ya mnada ikiwa na daraja la R au RA, gari hilo liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Kwa gari lililotoka Uingereza, ukiipata namba yake ya zamani ya usajili, unaweza kusoma bure katika tovuti ya serikali ya nchi hiyo matokeo ya ukaguzi wake wa kila mwaka tangu 2005, pamoja na maili na kasoro zilizoonekana. Muuzaji asiyetaka kutoa karatasi hizi amekwisha kutoa jibu.

Tatu, maji. Sisi tunaoishi na mto Lumemo tunajua maana ya mafuriko. Gari lililozama huoshwa, hukaushwa, hupuliziwa manukato, kisha hupelekwa wilaya ambako halijulikani. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake uone kama kuna mstari wa tope. Inua zulia, shika sponji iliyo chini yake. Tazama boliti za viti kama zina kutu, na taa za mbele kama zina ukungu kwa ndani. Katika gari la kifahari, kompyuta ndogo nyingi hukaa chini ya viti na sakafuni. Maji yakiingia humo, matatizo ya umeme hayaishi.

Nne, gari liwashwe likiwa baridi. Mfike asubuhi bila kutoa taarifa mapema, mguse boneti. Ikiwa limekwisha kuwashwa kabla hamjafika, ulizeni kwa nini. Sikilizeni milio ya chuma, tazameni moshi. Ufunguo ukigeuzwa kabla ya injini kuwaka, taa za tahadhari kwenye dashibodi zinapaswa kuwaka zote kisha zizimike. Taa isiyowaka kabisa inaweza kuwa imeondolewa ili isionyeshe kasoro. Gari liendeshwe kwa saa nzima, pamoja na kupanda mlima, ili ijulikane kama linachemsha na kama gia zinaingia bila kugonga.

Tano, fundi awe wa mnunuzi. Fundi anayeletwa na dalali anamtumikia aliyemleta. Mlipe fundi wenu mwenyewe, awe na mashine ya kupima gari hilo, na aandike alichokiona. Ada ya uchunguzi, hata ikijumlishwa na nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, ni ndogo kuliko bei ya mfuko mmoja wa hewa wa gari hilo. Asiyefanya hivyo anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Karatasi na sheria

Gari zuri lenye karatasi mbovu ni gari bovu. Namba ya chasisi, ambayo kwa magari mengi haya ina alama 17, isomwe kwenye gari na kwenye kadi, herufi kwa herufi. Anayeuza awe ndiye aliyeandikwa kwenye kadi, au awe na mamlaka ya maandishi kutoka kwake. Kadi ikikosekana kwa maelezo kwamba "ipo kwa ndugu", huenda ipo kwa mkopeshaji. Madeni ya makosa ya barabarani yanaweza kuangaliwa kwa namba ya gari katika mfumo wa Polisi wa Usalama Barabarani, na uhalali wa bima huhakikiwa katika mfumo wa TIRA. Uhamisho wa umiliki ufanyike TRA mara moja, si mwakani. Gari likibaki kwa jina la muuzaji, akifariki au akidaiwa, mnunuzi atajikuta akibishana na warithi au wadai juu ya kitu alichokilipia.

Kwa anayetaka kuagiza mwenyewe, TRA ina kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika kwenye tovuti yake. Akitumie kabla ya kutuma fedha nje. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Juu yake upo ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini na kwa umri wa gari, pamoja na tozo nyingine. Gari kubwa na la zamani hubanwa pande zote mbili.

Kuhusu haki zenu, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji juu ya hali, ubora au historia ya bidhaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo inamlinda mnunuzi, lakini ulinzi wake juu ya ubora una nguvu zaidi pale anayeuza anapokuwa mfanyabiashara wa bidhaa hiyo kuliko anapokuwa mtu binafsi anayeuza gari lake moja. Kwa hiyo kila sifa iliyosemwa kwa mdomo iandikwe kwenye mkataba: mwaka wa gari, kilomita, kwamba halijazama wala kupata ajali kubwa. Mkiona maneno "limeuzwa kama lilivyo", jueni kwamba muuzaji anajivua mzigo na kuwatwika ninyi. Malipo yapitie benki ili yaache ushahidi. Na matangazo ya simu, pamoja na ujumbe wa dalali, yahifadhiwe. Siku ya shauri, hayo ndiyo mashahidi.

Uamuzi

Nani basi anunue? Kwa maoni yetu, gari la namna hii linaweza kumfaa mtu mwenye mambo matatu kwa pamoja. Ana gari au usafiri mwingine wa kutegemea siku hilo linapokuwa gereji. Anamfahamu fundi mwenye uzoefu na gari la aina hiyo hiyo, na anaweza kumfikia. Na baada ya kulinunua anabaki na akiba isiyopungua robo ya bei yake, ambayo haikutoka kwenye shamba, ada wala matibabu. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, ushauri wetu ni kuacha. Anayetamani ukubwa na heshima barabarani anaweza kutazama magari makubwa ya Kijapani ambayo mafundi wetu wanayajua, ingawa nayo yachunguzwe vilevile, kwa kuwa baadhi yake yana mifumo ya kunyanyua gari isiyo rahisi kutengenezwa.

Na yule ambaye amekwisha kununua, akasikia maneno haya moyo ukashtuka, asikate tamaa. Apeleke gari likapimwe lote kwa mara moja, apate orodha ya kasoro na bei zake, kisha aamue kwa tarakimu: kulitengeneza, au kuliuza mapema kwa kusema ukweli wake. Asitie fedha kidogo kidogo kwa kuona haya. Na kama alidanganywa na mfanyabiashara, akusanye karatasi zake alete malalamiko; asinyamaze kwa kuogopa kuchekwa.

Ndugu zetu, mkulima wa bonde hili hanunui mbegu kabla ya kuuliza imeota wapi na ilimtoa nani. Tunawaomba mliulize gari vivyo hivyo. Sasa tupo tayari kwa maswali yenu, na mwenye karatasi za gari analotaka kulinunua azilete hapa mbele tuzisome pamoja.